Kukopa Harusi, Kulipa Matanga



Juma lililopita kijana mmoja alinisimamisha Kariakoo akaniuliza: "Mzee, kila wiki wewe ni kubana matumizi, kubana matumizi. Kwani uko chama gani?" Nikamjibu kuwa niko chama cha watu waliowahi kupanga foleni ya sabuni. Akacheka, akaenda zake. Lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani, na leo nataka kumjibu kwa kirefu.

Baba yangu alistaafu ukarani mwaka 1977. Kiinua mgongo chake alikiweka benki ili ajenge nyumba kijijini. Alikuwa mtu wa hesabu. Aliandika kwenye daftari idadi ya matofali, mbao, misumari na mabati, na fedha ilitosha na kubaki. Akajenga taratibu, kama wazee wetu walivyojenga. Alipofika kwenye paa, mwaka 1987, fedha iliyobaki benki pamoja na riba yake ilinunua mabati ya chumba kimoja. Hakuna aliyemwibia hata senti. Kitabu cha benki kilionyesha kila shilingi mahali pake. Kilichoondoka ni kile ambacho shilingi ilikuwa inanunua.

Nani alikichukua? Hapo ndipo historia inapoanza.

Kabla ya mwaka 1966 fedha yetu ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na ililindwa na akiba ya pauni iliyowekwa London. Ilikuwa fedha ya mkoloni, na hatuna sababu ya kuililia. Juni 1966 tukafungua Benki Kuu yetu, na Gavana wake wa kwanza akawa Edwin Mtei. Tukapata uhuru wa kutoa fedha yetu wenyewe. Lakini pamoja na uhuru huo kilikuja kishawishi ambacho hatukuwa nacho zamani: serikali ikipungukiwa, inaweza kugeuka na kukopa kwa benki yake.

Kwa muda mambo yalikwenda. Mwaka 1976 na 1977 kahawa ilipanda bei duniani kwa sababu baridi kali ilikuwa imeharibu mashamba ya Brazil. Akiba yetu ya fedha za kigeni ikanenepa. Mwaka 1978 tukafungua milango ya kuagiza bidhaa, na akiba ile ikayeyuka kama barafu juani. Kabla ya hapo, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, ikatubidi tuanzishe wenyewe huduma tulizokuwa tukichangia na majirani. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Vita ile ilitugharimu kiasi kinachokadiriwa kuwa dola milioni 500. Mwaka 1979 bei ya mafuta nayo ikaruka.

Nayasema haya ili nisije nikaonekana ninawahukumu wazee wetu kwa kuketi kivulini. Taabu nyingi hazikuwa za kutengenezwa nyumbani. Lakini nyingine zilikuwa za kwetu kabisa. Vyama vya ushirika tulivivunja mwaka 1976, mazao tukayakabidhi kwa mamlaka zilizopata hasara mwaka baada ya mwaka. Hasara hizo zilizibwa kwa mikopo ya mabenki ya umma, na mikopo hiyo mwishowe ikawa noti mpya mitaani zisizokuwa na bidhaa nyuma yake.

Mwishoni mwa 1979 Mtei, wakati huo Waziri wa Fedha, alikuwa akizungumza na Shirika la Fedha la Kimataifa. Masharti yalijulikana: shilingi ishushwe thamani, matumizi yapunguzwe, udhibiti wa bei ulegezwe. Mwalimu Nyerere alikataa. Mtei akajiuzulu, na Amir Jamal akarudi kwenye Wizara ya Fedha. Mapema mwaka 1980 Mwalimu aliwaeleza mabalozi waziwazi kuwa Tanzania haitaongozwa na shirika hilo.

Katika vijiwe vya mjini hadithi hii husimuliwa kama mechi ya Simba na Yanga. Wengine wako upande wa Mwalimu mzalendo, wengine upande wa Mtei mtaalamu. Mimi naona hesabu tofauti. Mwalimu alikuwa na haki kamili ya kumkatalia mkopeshaji. Lakini mtu anayemkatalia mkopeshaji hana budi kuishi kwa alichonacho. Sisi tulikataa masharti, na papo hapo tukaendelea kutumia tusichokuwa nacho. Pengo likazibwa kwa misaada ya marafiki na kwa mtambo wa noti.

Matokeo mnayakumbuka, na ambao hamkuwapo waulizeni wazazi wenu. Sukari, sabuni, unga, vyote kwa foleni. Katika miaka ya 1980 bei zilipanda kwa wastani wa kama asilimia 30 kwa mwaka. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na watu wakatupa mali usiku kwa hofu ya kukutwa nayo. Sikatai kwamba walikuwapo walanguzi. Lakini noti zinapoongezeka na bidhaa zikapungua, bei itapanda hata ukiwafunga wafanyabiashara wote.

Na mwisho wake? Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, tulikwenda kwa Shirika lile lile. Dola iliyokuwa shilingi 8 na kidogo mwaka 1979 ikafika shilingi 40. Tulikwenda tumechoka, madukani hakuna kitu, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kupatana bei. Paa la baba yangu liliishia humo katikati.

Jambo linaloniuma ni kwamba tulikuwa tumeonywa, tena na Mwalimu mwenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema kwamba kutegemea misaada na mikopo kutoka nje kunahatarisha uhuru wetu. Watu hukumbuka kutaifishwa kwa mabenki, husahau ukurasa huo. Kujitegemea, ukikusoma vizuri, ni somo la kubana matumizi. Tuliimba neno hilo shuleni miaka mingi, lakini kwenye bajeti hatukuliingiza.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Nami nilifurahi, nikadhani sasa chama kimoja kitatumia na kingine kitahesabu. Tazama: CHADEMA kilianzishwa na Mtei huyo huyo, na miongoni mwa waasisi wenzake alikuwamo Bob Makani, aliyewahi kuwa Naibu Gavana wa Benki Kuu. Chama cha watu wa daftari! Lakini jukwaa lina nguvu kuliko daftari. Mwaka 2010 chama hicho kiliahidi elimu bure hadi kidato cha sita. Mwaka 2015 mgombea wake aliahidi bure hadi chuo kikuu, na CCM nayo ikaahidi bure hadi kidato cha nne, ikatekeleza kuanzia Januari 2016.

Sisemi mtoto wa maskini asisome. Nasema neno "bure" liko jukwaani tu, kwenye hesabu halipo. Mwalimu analipwa, chaki inanunuliwa, darasa linajengwa. Katika kampeni zote nilizohudhuria, sijapata kumsikia mgombea akisema: tutafanya hili, kwa hiyo hili lingine litasubiri.

Si kwamba haiwezekani. Kuanzia mwaka 1996 serikali ya Rais Mkapa ilitumia kwa kadiri ya makusanyo: mwezi ukileta kidogo, zinatumika kidogo. Mwaka huo huo Mamlaka ya Mapato ilianza kazi. Iliuma, watumishi walilalamika, makandarasi walisubiri malipo. Lakini kufikia mwaka 1999 mfumuko wa bei ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10, na mwaka 2001 tukasamehewa sehemu kubwa ya madeni ya nje. Kazi ile ilifanywa na chama kile kile kilichotufikisha kwenye foleni. Ndiyo maana, kijana wangu, sikukutajia chama.

Mwaka 2025 deni la taifa lilikuwa zaidi ya shilingi trilioni 100, wakati bajeti nzima ya mwaka 2025/26 ni trilioni 56.49. Wataalamu wanasema deni hilo ni himilivu, na kwa vipimo vyao sina ugomvi nao. Reli na mabwawa nayaona, na mkopo wa reli si sawa na mkopo wa magari ya wakubwa. Lakini kahawa ya 1977 nayo ilikuwa himilivu, na baada ya miaka miwili hazina ilikuwa tupu. Uhimilivu ni picha ya siku iliyopigwa. Hauelezi habari ya vita, ya mafuta, wala ya mvua.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wapiga kura tunaalikwa harusini kila baada ya miaka mitano. Safari ijayo mgombea akikuahidi kitu, usimzomee wala usimshangilie. Muulize kitalipwa na nani, na lini. Asipojibu, jua kwamba atakayelipa ni mzee fulani kijijini, mwenye daftari lake na akiba yake, ambaye hakuwepo mkutanoni.

Nyumba ya baba tuliiezeka sisi watoto wake mwaka 1994, kwa kuchangishana. Yeye alikuwa amekwisha kufariki.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.