Bima ya SUV mpya Geita: laki na kumi na nane hailipi gari lako

Mchimbaji akipata uzalishaji mzuri Rwamgasa, vitu viwili hufuata haraka: kiwanja na gari. Siku hizi gari lenyewe mara nyingi ni SUV ya familia, iliyonyanyuka, ya kupeleka watoto shule na kufika Geita mjini hata mvua ikinyesha. Bei ya gari hujadiliwa wiki nzima. Bima hukatwa kwa dakika tano, na inayochukuliwa ni ile ya bei ya chini.

Hiyo ya bei ya chini mtaani inaitwa "bima ndogo". Kwa gari binafsi, kwa viwango vya chini vya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), ni Sh100,000 kwa mwaka. Ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa Sh118,000. Hii ndiyo ya lazima kisheria, na trafiki akikagua, inatosha.

Kinachosahaulika ni kwamba bima ndogo inalipa watu wengine. Gari likimgonga bodaboda, bima inashughulika na bodaboda. SUV yenyewe ikipinduka, ikiungua au ikiibwa, mwenye gari anabaki na hasara yake yote. Kwa gari la milioni 3 mtu anaweza kuvumilia. Kwa gari la milioni 60 ni kamari.

"Bima kubwa" ndiyo inayolipa na gari lenyewe. Kiwango cha chini kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kabla ya VAT. Kwa SUV ya Sh60 milioni, hesabu ni Sh2,100,000, na VAT Sh378,000, jumla Sh2,478,000 kwa mwaka. Ya Sh80 milioni inafika Sh3,304,000. Iliyotumika kutoka Japani, ya Sh35 milioni, ni Sh1,445,500. Aliyenunua kwa mkopo wa benki hana cha kuchagua, maana kwa kawaida benki inadai bima kubwa mpaka deni liishe.

Fedha hiyo inauma, na hapo ndipo ujanja unapoanza. Ujanja wa kwanza ni kushusha thamani. Gari la milioni 80 linaandikwa milioni 40 ili malipo yawe nusu. Gari likiharibika na matengenezo yakawa Sh10 milioni, kampuni inaweza kulipa kwa uwiano uleule: nusu, yaani Sh5 milioni. Likiibwa, mwisho wake ni ile milioni 40 iliyoandikwa. Kuzidisha nako hakusaidii, kwa sababu gari lililopotea hulipwa kwa bei yake ya sokoni siku hiyo. Ndiyo maana kila mwaka wakati wa kuhuisha inafaa thamani ipitiwe upya. Gari limeshuka bei, malipo nayo yashuke.

Ujanja wa pili ni wa kwao hasa wa ukanda wa dhahabu, na pengine ndio unaoumiza zaidi. SUV inakatiwa bima ya "binafsi", kisha viti vya nyuma vinalazwa na gari linabeba viroba vya mawe kutoka duarani kwenda karasha. Au linapakia abiria wa kulipa siku ya mnada. Au linakodishwa kwa mwenye duara mwingine kwa siku tatu. Matumizi ya biashara yana daraja lake na bei yake ya juu zaidi. Ajali ikitokea gari likiwa na mzigo wa mawe, swali la kwanza la mkaguzi ni gari lilikuwa linafanya nini. Jibu likipishana na kilichoandikwa kwenye mkataba, dai linaweza kukataliwa hata kama malipo yote yalifanyika. Mwenye kazi za namna hiyo ni bora aseme ukweli mapema na alipe tofauti.

Suala la dereva nalo ni hilohilo. Kijana wa nyumbani asiye na leseni akipewa funguo "asogeze tu gari", bima kubwa haimlindi.

Kuna vitu ambavyo hata bima kubwa haigusi. Shokapu, bushi na tairi zilizokwisha kwa barabara ya vumbi ni uchakavu, na uchakavu ni wa mwenye gari. Kioo cha mbele kilichopigwa jiwe na lori kwa kawaida kina kikomo chake cha malipo, kwa hiyo kiulizwe kabla ya kusaini. Kiulizwe pia kiasi ambacho mteja anabeba mwenyewe kwenye kila dai, maana kinatofautiana kati ya kampuni na kampuni. Malipo ya chini yenye makato makubwa siku ya ajali si nafuu yoyote.

Kuhusu ulipaji, bima haianzi kabla ya fedha kulipwa. Ahadi ya "nitamalizia mwezi ujao" haina kinga ndani yake. Asiye na milioni 2 kwa mkupuo anaweza kuuliza benki, kwani baadhi hukopesha malipo ya bima na mteja akarudisha kidogokidogo.

Baada ya kulipa, namba ya gari iingizwe kwenye mfumo wa TIRA MIS kwa simu. Ionekane kampuni, aina ya bima na tarehe ya mwisho. Isipoonekana, wakala arudiwe siku hiyohiyo, kabla gari halijatoka. Risiti ya mkononi peke yake si bima.

Ajali ikitokea, polisi waitwe na kampuni ipewe taarifa mapema, gari likiwa bado halijafunguliwa na fundi. Dai likikwama, TIRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, na mgogoro na kampuni unaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huko kinachosomwa ni mkataba na fomu ya maombi, ile yenye thamani na matumizi aliyoandika mwenye gari mwenyewe.