Anwani Moja, Makasha Mengi

Hapo mwanzo namba ilikuwa namba tu. Katika lugha ya B, aliyoitunga Ken Thompson huko Bell Labs kuelekea 1970, aina za data hazikuwepo: umri wa mtu na anwani ya kumbukumbu vilikaa kwenye neno lilelile la mashine, biti 18 za kompyuta ya PDP-7. Ilipokuja PDP-11, inayohesabu baiti mojamoja, mtindo huo ukakwama. Dennis Ritchie akazigawa data kwa aina, na C ikazaliwa.

Mazoea hayakufa. Kwenye VAX ya 1977, int (namba kamili ya C) na kielekezi (kinachobeba anwani) vilikuwa na biti 32 kila kimoja, basi watu wakavichanganya bila wasiwasi. Mwaka 1992 DEC ikatoa Alpha ya biti 64; kielekezi kikapanuka, int ikabaki ilivyo. Watu wa Unix wakaamua long, namba kamili ndefu, ifuatane na kielekezi, Microsoft wakaiacha na biti 32. Linux ikashika unsigned long, na mpaka leo kerneli imejaa anwani zilizobebwa humo.

Kizungumkuti chenyewe kililetwa na Pentium Pro ya 1995. Kwa mbinu yake ya PAE, kumbukumbu halisi ilifikiwa kwa biti 36, yaani GB 64, ilhali kielekezi kilibaki na biti 32. Tuseme ukurasa uko kwenye 0x123456000, na draiva ya diski imeiweka anwani hiyo kwenye unsigned long, ambayo hapo nayo ni ya biti 32. Tarakimu ya kwanza inadondoka. Diski inaambiwa 0x23456000, nayo, mtiifu kama punda wa mizigo, inamwaga data juu ya mali ya mwenzake. Kwenye mashine ya GB 2 ya mwandishi wa draiva, kosa hilo halionekani kamwe.

Ndipo, katika Linux, anwani zikapewa aina zenye majina kulingana na wenyewe: phys_addr_t ya kumbukumbu halisi, dma_addr_t ya kumbukumbu kama kifaa kinavyoiona, resource_size_t ya maeneo ya vifaa. Ninayoihusudu mimi ni alama ya __iomem. Haiongezi hata biti moja; inamwezesha Sparse, mkaguzi aliyeanzishwa na Linus Torvalds 2003, kukukemea ukigusa rejista za kifaa kana kwamba ni kumbukumbu ya kawaida.

Na sasa kuna Morello ya Arm, bodi ya majaribio ya 2022. Kielekezi chake kina biti 128, kwa kuwa kinabeba pia mipaka na ruhusa. Unsigned long ya biti 64 haikimudu, na waliohamishia Linux huko wamelazimika kuipekua kerneli, wakibadilisha long kwa aina inayokitosha kielekezi hicho.