Mkatiko wa Ishara, si Upotevu wa Mawimbi

Katika mitambo inayoongozwa kwa redio, zikiwemo droni zenye mabawa, kipokezi huiamuru servo, yaani mota inayogeuza mkono wake hadi pembe iliyotakiwa na kuushikilia hapo, kwa mipigo ya umeme yenye urefu wa kati ya milisekunde 1 na 2, inayorudiwa takriban kila milisekunde 20. Amri hizo zinapokoma, wako wanaistilahi wanaoliita tukio hilo "upotevu wa mawimbi", jina lenye makosa mawili ambayo kamati makini isingeyapitisha.

Kosa la kwanza ni mawimbi, kwa kuwa wimbi ni kibebaji tu, na anga inaweza kujaa mawimbi ya kelele huku kipokezi kikikosa amri hata moja. Kinachokosekana ni ishara, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo shina lake, sh-w-r, ndilo lililozaa pia shauri na mshauri, na kwa hiyo lina undugu na dhana ya kumwelekeza mwingine la kufanya.

Kosa la pili, ambalo ni zito zaidi, ni upotevu. Mjini Isiolo, ambako Kiswahili huwakutanisha Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru na Wasamburu, bomba likikauka ghafla husemwa kwamba maji yamekatika, ilhali yanayovuja kabla ya kufika kwenye mita ndiyo huhesabiwa kuwa upotevu. Ishara nayo hupungua njiani: katika anga wazi, umbali ukiongezeka maradufu, nguvu inayopokewa hushuka hadi robo, na upotevu wa namna hiyo huandamana na kila safari ya droni juu ya nyanda za kaunti hiyo bila servo kukosa amri. Watetezi wa upotevu hukumbusha kwamba Wakenya husema stima zimepotea. Hata hivyo, ni nadra tukio hilo kuitwa upotevu wa stima, na hoja inayoshika kitenzi huku ikiipuuza nomino yake haina uzito.

Mkatiko, istilahi inayopendekezwa hapa, umeundwa kutokana na katika kama mlipuko ulivyotokana na lipuka na mporomoko na poromoka, nao hukiachia kitenzi katiza nafasi ya kuzaa mkatizo, yaani uzuiaji wa ishara unaofanywa kwa makusudi.

Kimatumizi, saketi ya utambuzi wa mkatiko huwa na kipimamuda kinachoanza upya kwa kila mpigo, na mipigo kadhaa ikikosekana mfululizo, injini huzimwa. Lakini kipokezi kinachoendelea kurudia amri ya mwisho huihadaa saketi hiyo, hivyo hakina budi kupangwa kinyamaze ishara inapokatika.

Istilahi inayochanganya udhaifu wa kila siku na ukomo wa ghafla humpotosha fundi kuhusu kile hasa anachopaswa kukipima, na kwa sababu hiyo mkatiko unastahili kuingizwa kamusini.