Alama Reli Inabeba Nani?

Kwa wakala wa pesa pale Makambako, neno "reli" halihitaji kamusi. Mzee anatoa kitochi mfukoni, wanasalimiana kwa "kamwene" na kuulizana habari za shamba, kisha binti wa dirishani anamwelekeza: "Baba, bonyeza nyota, mia moja hamsini, nyota, sifuri sifuri, malizia na reli." Kidole cha mzee kinashuka moja kwa moja hadi kona ya chini, upande wa kulia, chini ya 9. Haulizi reli ipi, ingawa ile ya TAZARA inapita mjini humo humo.

Mistari miwili imesimama, miwili imeikata: ni reli na mataruma yake. Alama hiyo, #, ilipohamia mitandaoni, Kiswahili cha Tanzania kilikuwa na jina lake tayari. Agosti 2007 Mmarekani Chris Messina alipendekeza kwamba watumiaji wa Twitter waiweke mbele ya neno, ili mazungumzo ya jambo moja yakutane. Mwaka 2009 Twitter ikaigeuza kuwa kiungo cha kubofya. Wapo wanaosema hashitegi, lakini alama reli ni istilahi bora. Imeundwa kama punda milia na askari kanzu, nomino mbili bega kwa bega, na inataja umbo na kazi kwa pamoja: maneno yaliyotawanyika yanapakiwa kwenye njia moja na kushushwa kituo kimoja, yakahesabiwe.

Na kuhesabu kwenyewe si kazi nyepesi. Anayetaka kujua Watanzania wanazungumzia nini zaidi, mpira au siasa, akifuata maneno matupu atapotea. "Wananchi" ni raia wanaodai maji na barabara. Ni jina la utani la klabu ya Yanga pia. "Simba" ni mnyama wa Ruaha, ni klabu ya Msimbazi, na ni jina la utani la mwanamuziki Diamond Platnumz. Akipima kwa rangi za picha, kijani na njano ni za Yanga na ni za chama cha CCM vilevile. Hapo ndipo alama reli inapookoa jahazi. #NguvuMoja kwa kawaida ni Simba, #DaimaMbeleNyumaMwiko ni Yanga, na #MboweSioGaidi, iliyoenea baada ya mwanasiasa wa upinzani Freeman Mbowe kukamatwa Julai 2021, hakuna atakayeidhania kuwa ya mpira. Herufi kubwa za katikati zinamsaidia msomaji kutenganisha maneno, maana reli hii haivumilii nafasi: ukiacha pengo moja tu, mabehewa ya nyuma yanabaki stesheni.

Idadi ikishapatikana, linakuja neno la pili. Vijana husema kutrendi. Kiswahili kina kuvuma, kitenzi cha upepo na cha ngoma. Kinafaa mno, kwa sababu orodha ya mada zinazovuma kwenye X, iliyokuwa Twitter, haitazami wingi peke yake, inatazama kasi. Jambo linalopanda ghafla hulipita lile linalosemwa kila siku. Yanga walipoifunga Simba 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, gumzo lilipanda ndani ya dakika chache. Bei ya mbolea huzungumzwa Njombe msimu baada ya msimu, polepole, na kwa kipimo hicho haiwezi kushindana na mabao matano. Wavumao baharini papa, kumbe wengine wapo.

Mvumo pia hununuliwa. Mwaka 2021 watafiti Odanga Madung na Brian Obilo, kwa ajili ya Mozilla, walionyesha jinsi vijana nchini Kenya walivyolipwa dola 10 hadi 15 kusukuma alama reli za kisiasa, wakipokea maelekezo kwenye makundi ya WhatsApp. Mahali nako hupotosha. X ilipofungwa Tanzania Mei 2025, waliotaka kuendelea walipita kwa VPN, na ujumbe ulioandikwa Njombe ukaweza kuonekana umetoka Ulaya.

Hata bila hila hizo, reli ina abiria wake tu. Shabiki wa kijijini Kidugala anayebishana njiani akitoka kanisani, au anayesikiliza mechi kwenye redio huku akichagua mbegu za viazi, hajaandika alama yoyote. Timu ya Njombe Mji ilipocheza Ligi Kuu msimu wa 2017/2018, kelele za jukwaani kwenye uwanja wa Sabasaba hazikuingia kwenye hesabu ya mtandao wowote. Mtafiti anayeandika "Watanzania wanapenda zaidi hiki" baada ya kusoma X pekee amewafuta watu hawa. Anachoweza kusema kwa haki ni kwamba amewahesabu waliopanda.

Siku ya Simba na Yanga, mwenye kibanda umiza anakaa mlangoni na kopo la viingilio. Mabenchi yakijaa anaanza kuwapanga watu ukutani, na kipindi cha pili kikianza anahesabu sarafu zake akijua ni wangapi wameingia.