Kwa Nini Tuseme Uhakiki wa Zamu

Anayetaka kujua kiasi cha zinki katika udongo wa bonde zima hawezi kuchimba kila mita. Huchukua sampuli mahali kadhaa, kisha mapengo huyajaza kwa hesabu. Kazi hiyo tunaweza kuiita ukadiriaji wa kati, maana thamani inayotafutwa iko katikati ya vituo vilivyopimwa. Ukitoka nje ya eneo la vituo, hesabu ni ileile lakini haiaminiki tena. Jina hilo halina ugomvi. Ugomvi uko katika hatua inayofuata, ya kuupima ukadiriaji wenyewe. Jina linalokuja haraka ni uthibitishaji mtambuka. Naona uhakiki wa zamu linafaa zaidi, na si kwa utamu wake masikioni: jina hili linamwelekeza mwandishi wa programu jinsi ya kuhifadhi matokeo.

Tuchukue data ambazo karibu kila mwanafunzi wa takwimu za kijiografia kwa lugha ya R amekutana nazo: sampuli 155 za udongo kutoka bonde la mafuriko la mto Meuse, karibu na kijiji cha Stein, Uholanzi. Zinki humo huanzia 113 hadi 1,839 kwa kila sehemu milioni. Programu huficha kituo cha kwanza, hukadiria zinki yake kwa kutumia vile 154 vilivyobaki, hulinganisha kadirio na kipimo, kisha hukirudisha na kuficha cha pili. Kila kituo kinapata zamu ya kufichwa. Mtambuka yuko wapi hapo? Tumezoea kusikia masuala mtambuka, kama jinsia na mazingira, yanayopita katika sekta zote; hapa hakipiti kitu, kuna kupokezana tu. Nalo neno uthibitishaji linatoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Uhakiki wa vyeti unaweza kufichua cheti cha kughushi, na uhakiki wetu vivyo hivyo unaweza kuonyesha kwamba ramani haifai. Watu wa fasihi watadai neno hilo ni lao. Ni lao, lakini si lao peke yao.

Ukishasema zamu, swali la kuhifadhi linajileta: kila zamu imeacha kumbukumbu gani? Kosa la kawaida ni kuandika ndani ya mzunguko (siiti kitanzi, neno lenye kumbukumbu za kunyongwa) mstari kama huu: <code>matokeo &lt;- kadirio</code>. Programu inafika mwisho bila kulalamika, na ndani ya <code>matokeo</code> kuna namba moja, ya kituo cha 155. Zamu 154 zimefutwa na zilizozifuata. Dawa ni kuandaa nafasi 155 kabla ya mzunguko kuanza, kisha kuandika <code>matokeo[i] &lt;- kadirio</code>. Kuandaa mapema kuna faida, kwani kiunzi kinachorefushwa kidogokidogo hulazimisha kompyuta kunakili mara kwa mara kilichokwisha andikwa. Mambo yanapanuka tukijaribu njia ya uzito wa umbali, aliyoieleza Shepard mwaka 1968, kwa vipeo vinne tofauti vya umbali: mizunguko sasa ni miwili, mmoja ndani ya mwingine, na jedwali lina mistari 620. Kila mstari ubebe kipeo, namba ya kituo, majira yake ya nukta, kilichopimwa na kilichokadiriwa.

Kuna atakayesema hayo ni mzigo, kwani mwishoni tunahitaji namba moja tu, kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya makosa. Mzigo wenyewe ni mdogo. Hata mtu akihifadhi ramani nzima ya seli 3,103 kwa kila zamu kati ya 155, atapata namba 480,965, ambazo kwa baiti nane kila moja hazifiki megabaiti 4. Na ile namba moja huharibika kirahisi. Tukigawa vituo katika mafungu kumi, matano yatakuwa na vituo 16 na matano 15; anayetunza kosa la kila fungu peke yake, kisha akatafuta wastani wa makosa hayo, hapati kosa la vituo vyote 155. Mwenye jedwali lote anakokotoa upya bila kurudia mzunguko.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba zamu yenyewe inaweza kupendelea. Kituo kilichofichwa kikiwa na jirani wa karibu sana, kadirio litakuwa zuri hata pale ambapo njia ni dhaifu, na kosa dogo litamdanganya anayetaka kukadiria mahali palipo mbali na vituo vyote. Ni kweli, na ndiyo sababu majira ya nukta hayapaswi kuachwa nje ya jedwali. Yakiwemo, makosa huchorwa kwenye ramani, mapendeleo yanaonekana, na safari ijayo zamu hupewa vitalu vizima vya eneo badala ya kituo kimoja kimoja.