Namba tasa ya Mersenne: 2³¹ − 1

Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Neno tasa, ambalo kwa kawaida husemwa kwa asiyezaa, linafaa kwa sababu namba hiyo haitoi vigawo vingine. Utasa huo ni wa kugawanya tu; katika kuzidisha, namba tasa ndizo zinazozaa nyingine zote, kama 12 inavyotokana na 2 × 2 × 3.

Namba tasa ikiwa na umbo la 2ⁿ − 1, huitwa namba tasa ya Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne (1588–1648). Ni lazima kipeo n nacho kiwe namba tasa, lakini sharti hilo halitoshi: 11 ni tasa, ilhali 2¹¹ − 1, yaani 2,047, ni 23 × 89. Mersenne mwenyewe, katika orodha aliyoichapisha mwaka 1644, aliingiza kimakosa vipeo 67 na 257, akaacha 61, 89 na 107. Kipeo 31 alikipatia.

Namba 2³¹ − 1 ni 2,147,483,647. Mwaka 1772 Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi, alitangaza kuwa ni tasa. Kwa njia ya kawaida ingebidi kuigawanya kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni karibu 46,341. Hizo ni zaidi ya 4,700. Euler alionyesha kwamba kigawo chake chochote kilicho tasa, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Chini ya kipeuo hicho namba za aina hiyo ni 373 tu, na nyingi kati yake si tasa, hivyo hazina haja ya kujaribiwa. Zilizosalia, hakuna hata moja inayoigawanya. Kwa miongo kadhaa baadaye haikujulikana namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Kila namba tasa ya Mersenne huzaa namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, kama 6 = 1 + 2 + 3. Kanuni yake ni 2ⁿ⁻¹ × (2ⁿ − 1). Kwa kipeo 31, hupatikana 2,305,843,008,139,952,128. Euler alithibitisha pia kwamba kila namba timilifu iliyo shufwa hupatikana kwa kanuni hiyo.

Katika hesabu za kizio cha pili, 2³¹ − 1 huandikwa kwa tarakimu 1 zilizopangwa mara 31. Kwa hiyo ndiyo namba nzima kubwa kuliko zote inayoweza kuhifadhiwa na kompyuta katika biti 32, biti moja ikitengwa kwa alama ya chanya au hasi. Mifumo inayohesabu sekunde kwa njia hiyo tangu mwanzo wa 1970 itafikia kikomo chake tarehe 19 Januari 2038.