Wafungwa Katika Utumishi wa Siri: Historia ya Suicide Squad

Jina la Suicide Squad lilichapishwa kwanza mwaka 1959 katika jarida la katuni la kampuni ya DC ya Marekani, ambamo Robert Kanigher na mchoraji Ross Andru walisimulia habari za watu wanne wa kawaida waliopambana na mazimwi. Kikosi kinachokumbukwa zaidi, hata hivyo, ni kile alichokiunda upya mwandishi John Ostrander mwaka 1987, wakati Wamarekani walipokuwa wakisikia jinsi maofisa wa serikali yao walivyoiuzia Iran silaha kwa siri. Katika mfululizo wake, wahalifu wa gereza la Belle Reve, Louisiana, wanapunguziwa vifungo kwa sharti la kutekeleza operesheni ambazo serikali itazikana zikifichuka. Anayewaamuru ni Amanda Waller, mjane mweusi asiye na silaha ila akili na ukali wake, na bila shaka ndiye mhusika aliyebuniwa kwa ustadi kuliko wote.

Uzito wa kimaadili wa kazi hiyo unaonekana wazi katika toleo la 22, ambamo Deadshot, mdunguaji wa kikosi, anaagizwa kumzuia kiongozi wake Rick Flag asimuue seneta anayemtishia Waller. Badala ya kumzuia Flag, anampiga risasi seneta mwenyewe, kwa kuwa agizo, kama lilivyotamkwa, linatimia hivyo pia. Mfululizo ulikoma mwaka 1992 kwa toleo la 66, Ostrander akiwa ameandika sehemu kubwa yake pamoja na mkewe, Kim Yale.